Dagaa wa Kibirizi: mchanga hamna, ila stika inajisifu mno

Nimefundisha Kiingereza miaka 31, kwa hiyo mnisamehe: mimi stika naisoma kabla sijanusa dagaa. Kibanda kiko mwaloni Kibirizi, Kigoma, pale wanapopakia mizigo ya boti. Pakiti ya nusu kilo shilingi 14,000, na juu yake stika ya kijani: No Contamination.

Sifa kwanza. Dagaa wake wanaanikwa kwenye chanja za wavu, hawalazwi mchangani. Mwezi uliopita nilinunua kisado kwingine, tukaosha maji matano, na bado mke wangu akauma changarawe. Mboga yote ikaishia kwa kuku. Hawa niliwamwaga kwenye sinia jeupe nikawachambua: magamba mawili matatu, basi. Wanang'aa kama fedha, vichwa havijakatika, na ukiwakaanga wakavu kwa kitunguu na ndimu utamaliza ugali bila kujijua.

Sasa kasoro. Pakiti ya pili ilinuka petroli. Niliporudi nayo mama muuzaji aliapa: "Mwalimu, mimi sijachakachua kitu!"

Na kweli hakuchakachua. Kuchakachua kuna mkono wa mtu na nia yake, kama wale wa kutia mafuta ya taa kwenye dizeli. Hilo neno la kwenye stika, contamination, halidai nia. Limetoka kwenye Kilatini, contaminare, na shina lake ni tangere, kugusa. Contagion, yaani uambukizo, ni ndugu yake wa tumbo moja. Kitu safi kikiguswa na kisichostahili kuwa hapo, limeshatimia. Waingereza hulitumia kwa maji ya kisima, kwa sampuli ya damu maabara, hata kwa kisu kilichokata kuku mbichi kikaenda moja kwa moja kwenye nyanya. Nikachungulia nyuma ya meza: dumu la petroli ya mashine ya boti limeegemea gunia la dagaa. Na dagaa mkavu anavyofyonza harufu!

Alinibadilishia bila maneno, akatia na nyongeza, na dumu likahamishwa nikiona. Nikamshauri aandike tu "Hawana mchanga", maana hilo anaweza kulisimamia popote. Akacheka, akavuta boksi chini ya meza: stika za kijani bado zimejaa hadi mdomoni.

"Hizi nimezilipia, mwalimu. Nizile?"