Pedeli za kubana kiatu: duka likaniwekea skrubu moja

Duka silitaji, lakini muuzaji akisoma hapa atajijua.

Nilikwenda kununua pedeli za baiskeli za SPD, zile kiatu kinang'ata pedeli usiteleze. Neno la kwanza: "Dada, hizi si za kila mtu." Hapa Tanga? Mimi nimekulia Ngamiani, nimebeba ndoo na wadogo zangu kwenye keria. Nikameza. Akanifungia vile vyuma chini ya viatu kwa mkono wake, akasema ukitaka kutoka sukuma kisigino nje, basi.

Raskazone nilipeta. Kurudi, bajaji ikanikata mbele, nikakamata breki, nikasukuma kisigino. Kiatu kikageuka, chuma kimetulia kwenye pedeli. Nikasukuma tena, kiatu hicho kinageuka kama kimetiwa mafuta, chuma hakina habari. Nikaenda chini ubavu mzima, puu!

Vijana wa bodaboda wanacheka huku wanasema pole, "Vua kiatu dada!" Nikavua, kikabaki kinaning'inia. Kukipindua, chuma kinataka skrubu mbili, kina moja. Tundu la pili linang'aa, halijaguswa. Kwa skrubu moja utazungusha kisigino mpaka kesho, kiatu kinacheza juu yake na chuma hakiachii.

Nimerudi goti linachuruzika damu. Jibu? "Kila anayejifunza huanguka, dada," macho kwenye simu. Namwonyesha tundu, hatazami! Hinault, yule Mfaransa bingwa wa baiskeli, alishinda mbio za Tour de France za 1985 kabanwa miguu hivi hivi, nani alimfungia skrubu moja?

Skrubu nimetiwa na fundi wa chini ya mti huku mtaani. Akalegeza na springi kwa spana ya L, hela akakataa. Sasa nikigeuza kisigino kidogo tu, tak, niko nje.

Nilikuja kuandika msinunue kabisa hizi takataka. Lakini juzi nimekwenda nazo mpaka Pongwe, kwenye vile vimwinuko mguu hauchezi, unavuta na kusukuma, raha tupu. Basi pedeli nyota nne. Tano, haya. Duka sifuri, na ingekuwepo chini ya sifuri ningewapa. Tena kwenye pakiti zinakuja skrubu za pande zote mbili, kwa hiyo yangu wanayo wao. Naifuata Jumamosi, na goti nitawaonyesha.