Chokaa ya shimo na chokaa ya mfuko: ipi inafaa ukuta wa nje Mji Mkongwe?

Mwenye nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, hawezi kuupiga ukuta wa nje chochote anachokikuta dukani. Mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, una sheria yake ya 2010, na kazi ya nje, iwe lipu, dirisha au mlango, huanzia kwenye kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Wengi wanaulalamikia urasimu huo. Kwenye kutaka chokaa badala ya saruji, lakini, Mamlaka haijakosea hata kidogo.

Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Zinanyonya maji, kisha jua linayatoa. Ukizipiga saruji, maji hayana pa kutokea: chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaisukuma, na lipu inabanduka mapande mapande pamoja na uso wa jiwe. Huku ndani vichwa vya boriti vinaoza polepole, na mwenye nyumba anajua siku dari inapolegea. Rangi ya plastiki nayo hufanya malengelenge kwa sababu hiyohiyo.

Kwa lipu, chokaa ya shimo haina mpinzani. Ni mawe yaliyochomwa tanurini, yakaloweshwa na kuachwa chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Iliyoiva hunata kwenye mwiko kama siagi. Isiyoiva ina vijiwe ambavyo bado havijalowa. Vitavimba ukutani wiki kadhaa baadaye na kuacha vishimo, kwa hiyo ipitishe kwenye chekecheo kabla ya kulipa.

Chokaa ya mfuko, yaani ile ya unga, ni nyepesi kubeba na inatosha kwa kupaka: ichanganye iwe nyepesi kama maziwa, upake mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja ukiwa mwembamba. Mkono mmoja mzito huchubuka na kuchafua nguo za kila anayeegemea. Kwa lipu inashika kwa udhaifu, hasa ikiwa mfuko umekaa ghalani wazi, maana hewa huiua kabla haijafika ukutani.

Kipimo cha lipu ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta vizuri, piga tabaka zisizozidi sentimita moja, na acha ya kwanza ishike. Kwa unene wa sentimita 2, mita moja ya mraba inakula kama lita 20 za mchanganyiko, mbali na mashimo. Funika kwa magunia yaliyoloa kwa siku kadhaa. Ikikaushwa na jua la mchana hupasuka. Ikikutwa na masika huoshwa.

Mwangalie fundi anayetupia kiganja cha saruji “ili ikaze haraka”. Inakaza kweli, lakini inakuwa ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na nyufa huanzia hapo. Kataa, hata kama kazi itachelewa wiki.

Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza macho. Ya shimo iliyobaki ifunike kwa maji ndani ya pipa. Mwakani itakuwa bora zaidi. Ya mfuko uliofunguliwa itumie yote au umpe jirani leo.