Lincoln Town Car: gari la anayeketi nyuma

Kati ya magari ya kifahari ya Kimarekani ninayoyafahamu, Lincoln Town Car ndilo ninaloweza kumshauri mtu alinunue likiwa limeshatumika bila wasiwasi mkubwa. Niliendesha Town Car nyeusi kwa miaka kadhaa nikiwapokea na kuwasindikiza abiria wa uwanja wa ndege wa Minneapolis, bega kwa bega na madereva wengi waliotoka Kenya, Somalia na Ethiopia, na hadi leo ninayo moja ya mwaka 2009 ambayo familia yangu huitumia kwa safari ndefu. Gari hili liliacha kutengenezwa mwaka 2011, kwa hiyo anayelitafuta leo atalipata kwa mtu mwingine tu. Msimamo wangu ni kwamba sifa zake, na hata baadhi ya kasoro zake, zinatokana na wazo ambalo kampuni ya Lincoln ilizaliwa nalo, kwamba ufahari wa gari huanzia katika sehemu ambazo mnunuzi hazioni.

Wazo hilo lilikuwa la Henry Martyn Leland, fundi mitambo aliyezaliwa Vermont mwaka 1843. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Springfield, Massachusetts, na baadaye katika kampuni ya Brown & Sharpe, mahali ambapo chuma kilipimwa kwa visehemu vidogo mno vya inchi na kipuri kisichotimiza kipimo hakikupita. Mwaka 1902 wawekezaji wa kampuni ambayo Henry Ford alikuwa ameiacha walimwita Leland awakadirie thamani ya mitambo yao ili waiuze. Yeye akawashawishi wasiuze, waendelee kuunda magari kwa kutumia injini yake, na kampuni hiyo ikawa Cadillac. Mwaka 1908, huko Brooklands, Uingereza, Cadillac tatu zilifunguliwa zote, vipuri vyake vikachanganywa, magari matatu yakaundwa upya kutoka katika fungu hilo, kisha yakaendeshwa maili 500. Leo fundi yeyote huagiza spea akitarajia ikae mahali pake bila kupigwa tupa, lakini enzi zile spea ilichongwa ili iendane na gari moja tu, na kwa hiyo jambo lile liliwashangaza watu wa taaluma hiyo.

Leland aliondoka Cadillac mwaka 1917, akiwa ameshapita umri wa miaka 70, ili atengeneze injini za ndege za Liberty kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kampuni mpya aliipa jina la Abraham Lincoln, rais aliyempigia kura yake ya kwanza mwaka 1864. Vita vilipokwisha aligeukia magari, na mwaka 1920 ikatoka Model L yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane. Mitambo yake ilisifiwa sana, lakini umbo lake lilionekana la kizamani, uchumi ulikuwa umezorota, na fedha zikamwishia. Februari 1922 Henry Ford aliinunua Lincoln kwa dola milioni 8, na miezi michache baadaye Leland na mwanawe Wilfred wakaondoka. Habari hii hunigusa kila ninapoikumbuka, kwa sababu mzee huyu ndiye aliyeziasisi chapa zote mbili ambazo Wamarekani wamezishindanisha kwa karne nzima, na zote mbili zilimponyoka.

Bahati ya Lincoln ni kwamba iliangukia mikononi mwa Edsel, mwana wa Henry Ford, mtu aliyekuwa na jicho la uzuri ambalo baba yake hakuwa nalo. Yeye na mchoraji wake, E. T. Gregorie, ndio walioibuni Continental ya kwanza mwaka 1939, gari lililoanza kama chombo cha Edsel mwenyewe cha kwendea likizo Florida, likawavutia watu wa huko hadi kampuni ikaamua kuliuza. Mwaka 1951 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York liliiweka Continental ya 1941 katika maonyesho ya magari manane yaliyochaguliwa kwa uzuri wake. Edsel hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 1943.

Baada yake Lincoln iliyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ikiuza magari makubwa kupita kiasi, yenye mapambo mengi, na ikipata hasara. Robert McNamara, kiongozi wa Ford ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki watamkumbuka zaidi kama rais wa Benki ya Dunia kuanzia 1968 hadi 1981, alifikiria kuifunga kabisa. Kilichoiokoa ni mchoro wa Elwood Engel, ambao ndio uliozaa Continental ya 1961, gari fupi kuliko lile lililotangulia, lenye ubavu mnyoofu na milango ya nyuma inayofungukia upande wa pili. Kila gari liliendeshwa barabarani kabla ya kutoka kiwandani Wixom, Michigan, na mnunuzi alipewa dhamana ya miaka 2 au maili 24,000, jambo ambalo washindani hawakuthubutu kulifanya wakati huo. Ni Continental ya mwaka huo, iliyorefushwa kwa ajili ya Ikulu, ambamo Rais Kennedy aliuawa huko Dallas tarehe 22 Novemba 1963, na kwa watu wengi hiyo ndiyo picha pekee ya Lincoln waliyo nayo. Mimi ninaona ingefaa wakumbuke pia ile dhamana.

Town Car yenyewe ilianza kuuzwa kama gari linalojitegemea kwa jina hilo mwaka 1981. Iliundwa upya mwaka 1990, ikapewa injini ya V8 ya lita 4.6 mwaka uliofuata, ikabadilishwa umbo mwaka 1998, na mwaka 2003 ikapata chesisi mpya upande wa mbele pamoja na usukani ulio sahihi zaidi. Magari mengine ya kifahari ya miaka hiyo yalikuwa yameshaacha chesisi ya chuma iliyotengwa na bodi, lakini Town Car iliendelea nayo hadi mwisho. Wahandisi wengi waliiona kuwa imepitwa na wakati. Kwa sisi tuliofanya nayo kazi, hapo ndipo penye faida yote. Chesisi hiyo humeza mashimo ya barabara kabla mtikisiko haujafika kwenye siti, na watengenezaji wa limuzini waliweza kuikata katikati na kuirefusha bila gari kupoteza nguvu zake. Zaidi ya hayo, ilikuwa ni chesisi na injini ileile ya Ford Crown Victoria iliyotumiwa na polisi na teksi nchi nzima, na kwa sababu hiyo spea zake zimejaa kila mahali kwa bei ambayo mwenye gari la kifahari la Ulaya haiwezi kuipata.

Injini yake haina makuu. Bloku ni ya chuma cha kusubu, tena haisukumwi hadi mwisho wa uwezo wake, kwani katika matoleo ya baada ya 2003 hutoa nguvu za farasi 239 tu kwa gari lenye uzito wa karibu tani 2. Gari linapoondoka halimrushi abiria nyuma, huondoka taratibu na kwa utulivu, na likishafika mwendo wa barabara kuu dereva husikia upepo kuliko injini. Magari ya kazi yaliyopita maili 300,000 kwa injini yake ya awali ni jambo la kawaida miongoni mwa madereva, mradi tu mafuta ya injini na ya gia boksi yalibadilishwa kwa wakati.

Lakini anayetaka kuielewa Town Car asikae mbele. Afungue mlango wa nyuma, hasa wa toleo la L ambalo limerefushwa kwa takriban sentimita 15 na urefu huo wote ukapewa miguu ya abiria. Mlango ni mpana kiasi kwamba mzee mwenye fimbo huingia bila kujikunja, na siti iko katika kimo kinachomwezesha kuketi moja kwa moja badala ya kudidimia. Buti lina ujazo wa karibu lita 580, na tangu 2003 tairi la akiba lilisogezwa mbele ili kuacha shimo refu ambamo masanduku makubwa husimama wima. Nimepakia humo mizigo ya familia nzima iliyokuwa ikisafiri kwenda Nairobi, pamoja na yale masanduku ya zawadi ambayo kila msafiri wetu hubebeshwa na ndugu, na buti likafungika.

Jambo dogo ambalo sijalipata katika magari mengine mengi ni vile vitufe vitano vilivyo kwenye mlango wa dereva, ambavyo Ford ilianza kuviweka mwaka 1980. Wakati wa baridi kali ya Minnesota dereva anaweza kuiacha injini ikiunguruma ili gari libaki na joto, akafunga milango yote, akaingia ndani ya jengo kumpokea abiria wake, kisha akarudi na kufungua kwa tarakimu tano bila ya kuhitaji ufunguo wa pili.

Kasoro zipo, na anayenunua anapaswa kuzijua kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza ni springi za hewa za nyuma, yaani mifuko ya mpira inayojazwa na kompresa iliyo chini ya boneti. Mpira huchakaa na kupasuka kwa umri, gari huinama nyuma linapolala usiku, na kompresa inayolazimika kufanya kazi muda wote hatimaye huungua. Dawa ni kubadilisha mifuko mapema. Wapo wanaoiondoa na kuweka springi za chuma ili waokoe fedha, na gari hutembea, ila ule ulaini uliolifanya liitwe la kifahari hupungua sana. Fundi asisahau kuzima swichi ya mfumo huo iliyo ndani ya buti kabla ya kuliinua gari kwa jeki, kwani wengi husahau na kuuharibu.

Ya pili inawahusu wanaotazama matoleo ya 1996 hadi 2001. Manifoldi ya kuingizia hewa ilitengenezwa kwa plastiki, na njia ya maji iliyopita upande wa mbele ilikuwa ikipasuka na kumwaga maji ya rejeta juu ya injini. Ford ilishtakiwa na wateja, ikakubali suluhu, na manifoldi zilizofuata zikawekewa njia ya maji ya alumini. Ukikuta gari la miaka hiyo, fungua boneti utazame kama kipande cha mbele ni cheusi au kinang'aa. Kisha kuna kutu. Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani, mabomba ya breki na ya mafuta huliwa hata pale bodi inapoonekana safi, na kwa maoni yangu gari lililoishi Arizona au Florida lina thamani zaidi kuliko la hapa Minnesota lenye maili nusu yake. Unywaji wa petroli nao usipuuzwe, kwani makadirio rasmi ni maili 16 kwa galoni mjini na 24 katika barabara kuu.

Inasikitisha kuona jinsi kampuni ilivyoliacha gari hili. Mwaka 1998 Lincoln iliishinda Cadillac kwa mauzo nchini Marekani, na Cadillac, iliyokuwa imetangaza kwamba imeshinda, ililazimika kuomba radhi baada ya hesabu zake kuonekana si sahihi. Navigator, gari kubwa la familia lililotoka kama toleo la mwaka huo, ndilo lililoleta ushindi, na kuanzia hapo akili na fedha za kampuni zilielekezwa kwingine. Town Car ilipata mabadiliko machache, kiwanda cha Wixom kikafungwa mwaka 2007, uundaji ukahamishiwa St. Thomas, Ontario, na Agosti 2011 ukakoma. Wakati huohuo Lincoln ilikuwa ikiyapa magari yake majina kama MKZ, MKX, MKS na MKT, ambayo hata wauzaji waliyachanganya. Continental ilirejeshwa mwaka 2017, ikaondolewa tena 2020, na baada ya hapo Marekani ikabaki ikiuziwa magari yaliyoinuka tu, kama vile Nautilus, Aviator na Navigator.

Sisemi kwamba magari hayo ni mabaya. Navigator ya sasa ina siti bora kuliko nyingi nilizowahi kuketi, na Nautilus ina skrini ya inchi 48 inayopita dashibodi nzima. Hata hivyo, Aviator ya 2020 ilipoingia sokoni magazeti yaliripoti kasoro nyingi za uundaji, kiasi kwamba baadhi ya magari yalipelekwa kurekebishwa kabla ya kuwafikia wateja, na kampuni iliyoanzishwa na Leland haikupaswa kufika hapo. Skrini itachakaa kabla ya chesisi, na sijui ni fundi yupi wa mtaani atakayeweza kuirudisha.

Kwa anayetaka kununua Town Car, ningemwelekeza kwenye matoleo ya 2003 hadi 2011, na ndani ya hayo ningechagua lililomilikiwa na mtu binafsi, mara nyingi mzee aliyelitumia kwenda kanisani na hospitali. Lililofanya kazi ya abiria lisikataliwe papo hapo, ila mwenye nalo aonyeshe risiti za matengenezo, na gari liegeshwe usiku kucha ili asubuhi lionekane kama limeinama nyuma. Wanaoishi Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaweza kulipata, kwa kuwa liliuzwa huko na usukani wake uko upande unaotakiwa. Walio Kenya wasijisumbue, kwa sababu hairuhusiwi kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto wala kuingiza lililozidi miaka 8, na Town Car haikuwahi kuundwa kwa usukani wa kulia.