Mruko mmoja, na kautumia kuingia

Nyota mbili. Na mwisho wote naumwaga hapa, kwa hiyo ambaye hajaisoma riwaya hii ya gesti ya Majengo, Dodoma, aishie kwenye mstari huu.

Mnunuzi wa zabibu anarudi kutoka Hombolo usiku, anaingia chumba namba 7, na saa nne mhudumu aliyeko chumba cha nyuma anasikia komeo likisukumwa. Asubuhi mlango unavunjwa. Mtu kachomwa kisu, daktari anasema ni saa sita usiku. Kisu hakipo, muuaji hayupo.

Chumba chenyewe kimefungwa vizuri, hilo namsifu mwandishi. Gesti zetu nyingi ukuta wa kati unaishia kwenye silingi bodi. Inua bodi moja, tambaa juu ya mbao, unashukia chumba cha tatu. Yeye kaweka dari ya zege. Ufunguo ulioachwa kwenye kitasa mtu huukamata ncha kwa koleo jembamba kutoka nje akauzungusha. Yeye kaweka komeo, na komeo halina tundu upande wa pili. Komeo nalo huvutwa kwa uzi uliozungushwa kwenye msumari wa fremu na kupitishwa chini ya mlango, lakini marehemu alishaziba uwazi huo kwa kanga kuukuu, kuzuia vumbi la mwezi wa nane, na kanga imekutwa imeshindiliwa vile vile. Nondo za dirisha zimechomelewa. Nikakaa vizuri kitini.

Ukurasa wa 31 linakuja sharti la mtambo wa wakati. Unarudisha mtu nyuma saa sita kamili, hauendi mbele. Haumhamishi mahali: ukisimama koridoni utatokea koridoni. Ukishatumika mara moja, unalala siku nzima. Wapo watakaosema mchezo umeharibika hapo hapo, maana padri Ronald Knox wa Uingereza alishayafukuza mambo ya miujiza katika kanuni zake 10 za hadithi za upelelezi, za mwaka 1929. Mimi sina neno. Sharti limetolewa mapema, mbele ya msomaji, na limebana.

Sasa njoo sura ya 22. Mpelelezi kamshika mpwa wa marehemu, aliyeondoka msibani Chang'ombe saa tisa usiku. Anaeleza: mpwa alisimama koridoni saa tisa na nusu, akaruka nyuma hadi saa tatu na nusu, akaingia chumba kikiwa wazi, akalala chini ya kitanda. Saa nne mjomba akajifungia naye bila kujua. Saa sita akamchoma. Halafu?

"Halafu akatoweka."

Katoweka na nini? Mtambo umelala! Mruko wake mmoja kautumia kuingia mahali ambapo mlango ulikuwa wazi. Huyo kijana ilibidi akutwe kakaa kitandani watu wanavunja mlango. Kurasa zaidi ya mia mbili za kunibania kila tundu, halafu unanitoa kwa neno moja? Hapo kachemka, tena vibaya.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba jibu liko pale pale. Muuaji aingie kwa miguu yake pamoja na marehemu, kuhesabu hela za mzigo, na marehemu mwenyewe afunge komeo wasije wakaonekana. Saa sita amchome, aruke akiwa humo humo ndani. Atatokea saa kumi na mbili jioni, chumba kitupu, mlango wazi, kisu mfukoni. Anatoka. Halafu ana saa sita za kwenda kukaa msibani, aonekane na umati wa watu akinywa chai hadi dakika ile ile mtu anachomwa Majengo, ilimradi yule wa kwanza, yaani yeye mwenyewe kabla hajaruka, asionekane mjini jioni hiyo.

Nikarudi nyuma kumtafutia makosa mengine. Nikakutana na ukurasa wa 84.

Saa kumi na mbili jioni mhudumu anapiga deki chumba namba 7. Anatoka kumwaga maji. Akirudi anakuta nyayo sakafuni, zinaanzia ubavuni mwa kitanda kwenda mlangoni. Za kuingia hakuna. Anamlaani mwenzake, anafuta, yameisha. Simenti iliyopigwa deki Dodoma kiangazi inakauka dakika chache tu, kwa hiyo aliyekanyaga kapita wakati ndoo inamwagwa.

Na ukurasa wa 91, msibani, mshirika wa marehemu anafika magharibi, anavua raba mlangoni, na mama mmoja anamwuliza hilo tope kwenye soli kalitoa wapi mwezi wa nane.

Mpelelezi hagusi lolote kati ya hayo. Mpwa anafungwa.

Basi nyota nne. Au tano, kama mwandishi kamwacha mpelelezi akosee makusudi na kutuachia sisi kazi ya kumtoa kijana wa watu jela. Lakini kama hakujua alichokiandika, kama zile nyayo zilimponyoka tu, ni moja, na hiyo moja ni ya mhudumu. Nimesoma sura ya 22 mara tatu kutafuta hata nusu sentensi ya kukonyeza. Hakuna. "Akatoweka", nukta, watu wanapiga makofi.

Nakala yangu inaazimika, ila sura hiyo nimeibana kwa pini nne za stepla. Anayetaka kuzing'oa anitajie kwanza mwenye raba ni nani.