Kituo cha hisani cha wanyama: tiba nzuri, hesabu zimefungiwa kabatini

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikimpeleka mbwa wangu, Tomi, katika kituo cha hisani kinachotibu wanyama pembezoni mwa Dar es Salaam, na haya ninayaandika kwa ajili ya mwenye mbwa, paka au punda anayejiuliza iwapo safari hiyo ina faida. Ina faida. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya malalamiko yangu inahusu namna vituo vya aina hii vinavyopata fedha na kusimamiwa, na waliotuhudumia hawakunikosea kwa lolote kubwa.

Siku ya kwanza tulifika saa mbili asubuhi kwa bajaji kutoka Tabata, Tomi nikiwa nimemfunga mdomo kwa kitambaa, kwani hajawahi kupanda chombo cha moto. Kijana wa mapokezi aliniamkia, akachutama, akamwachia Tomi anuse mgongo wa mkono wake hadi mkia ulipoanza kutikisika, ndipo akakifungua kile kitambaa. Daktari alimpima uzito, akamtazama ufizi na masikio, akampa dawa ya minyoo na sindano ya kichaa cha mbwa, kisha akabandika kwenye kadi ya chanjo kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa yenyewe, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa yote hayo nililipa shilingi 10,000. Tuliporudi mara ya pili akahasiwa, na kidonda kilikauka bila usaha. Vizimba vinabana, na siku hiyo nilikuta mbwa watatu wa mitaani wamewekwa mahali pa wawili, ingawa maji yao yalikuwa safi na sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Kilichonishughulisha zaidi ni jokofu. Chanjo hii hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na mlangoni pake pamebandikwa karatasi ambayo wahudumu huandika kipimo asubuhi na jioni. Nikiwa nasubiri zamu yangu niliisoma, maana sikuwa na kingine cha kusoma, nikaona mistari mitatu mfululizo haina kitu. Nilipouliza, daktari hakunificha: umeme ulikatika mwisho wa juma, jenereta haikuwa na mafuta, na chupa zote zilizokuwamo zilitengwa, zikaandikiwa barua kwenda halmashauri, kwa sababu huko ndiko zilikotoka. Mafuta ya jenereta, akaongeza, hayamo katika fungu lolote la serikali, hutegemea wafadhili. Basi ndivyo msaada wa umma ulivyo pale: chupa inaletwa na serikali, lakini kuiweka chupa hiyo ikiwa baridi ni shauri la mchango.

Nami nilichangia. Kando ya meza ya mapokezi kuna sanduku, nikatumbukiza shilingi 20,000 na kuomba risiti. Risiti ya matibabu nilikuwa nimeshapewa bila kuuliza. Ya mchango haikuwapo. "Mama, hiyo ni sadaka, haina risiti," nikaambiwa kwa upole kabisa. Niliomba pia kuona hesabu za mwaka uliopita. Cheti cha usajili kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, lakini hesabu, nikaelezwa, zimo kabatini na mwenye ufunguo yuko safarini. Nilipokwenda mara ya tatu, alikuwa bado safarini.

Hapa ndipo ninapopunguza alama. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 inalitaka kila shirika liandae kila mwaka taarifa ya shughuli zake na taarifa ya fedha iliyokaguliwa, na umma uweze kuziona. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba shirika likipokea fedha zinazozidi shilingi milioni 20, mkataba wake upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Masharti si haba. Tatizo ni kwamba Msajili yuko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, ilhali Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, ambayo ndiyo iliyoweka wakaguzi wa hali ya wanyama, iko chini ya wizara ya mifugo. Kwa hiyo anayesoma hesabu hawaoni mbwa watatu waliowekwa mahali pa wawili, na anayewaona mbwa hao hana sababu ya kuuliza fedha za mafuta ya jenereta ziliishia wapi.

Wenzetu wamelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Nchini India, Bodi ya Ustawi wa Wanyama iliyoundwa mwaka 1962 chini ya sheria ya 1960 ndiyo inayoyatambua mashirika, ndiyo inayoyapa ruzuku, na ndiyo inayoyakagua. Nchini Uingereza, RSPCA, shirika la hisani la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanzishwa London mwaka 1824, huishi kwa michango na wasia, na hesabu zake huwasilishwa kwenye tume ya mashirika ya hisani, ambako yeyote anaweza kuzisoma. Mimi naegemea upande wa India, ingawa najua ubaya wake: anayekulisha ni vigumu kumgombeza, na kituo kinachosubiri fungu la halmashauri kinaweza kunyamaza halmashauri hiyohiyo ikiamua kuwaua mbwa wazururaji. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili mnyororo wa ugonjwa ukatike. Anayemchanja Tomi anawalinda watoto wa jirani yangu, na sioni kwa nini kazi hiyo iendeshwe kwa noti za sandukuni.

Kwa atakayekwenda: fika kabla ya saa tatu, kwani baada ya hapo foleni huota jua, beba kadi ya zamani kama unayo, na kabla mnyama hajachomwa sindano, isome ile karatasi ya jokofu. Hawachukii kuulizwa. Kwa tiba nawapa nyota nne kati ya tano, kwa uwazi wa fedha mbili.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nitarudi na mbwa wawili wa jirani ambao hawajawahi kuchanjwa. Mchango nitatoa tena, ila noti itabaki mkobani mpaka risiti iandikwe.