Kichunguzi cha ufunguzi cha Lichess: tumekipima kwa 4.Ng5

Zana ya kuandalia ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo wa sataranji (chess), haipimwi kwa mistari (mifuatano ya hatua) ya upole. Kwenye mchezo wa taratibu hatua tatu au nne zote zinafaa, kwa hiyo hata zana mbovu hupita. Ipeleke mahali ambapo hatua moja inaokoa na nyingine zote zinazamisha, ndipo utajua inakufaa au inakudanganya. Kipimo chetu ni ufunguzi uitwao Farasi Wawili: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, pasipo herufi ni askari; x ni kula, + ni kumshambulia mfalme, na nukta tatu huonyesha hatua ya Mweusi). Tarrasch, gwiji wa zamani wa sataranji, aliidharau hatua hiyo ya nne, na hadi leo inachezwa kila siku kwa sababu inashambulia f7, mraba ulio kando ya mfalme mweusi, papo hapo.

Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, ni bure, haina matangazo, na kichunguzi, kinachoonyesha hatua zilizochezwa katika kila nafasi na matokeo yake, kimo ndani ya ukurasa wa uchambuzi. Kinakupa hazina tatu. Ya kwanza ni ya mabingwa: michezo ya ana kwa ana ya wachezaji wa kiwango cha FIDE (shirikisho la sataranji duniani) 2200 na zaidi, kuanzia mwaka 1952. Ya pili ni michezo iliyochezwa kwenye Lichess yenyewe, ambayo unaweza kuichuja kwa kasi ya mchezo na kwa kiwango cha wachezaji. Ya tatu ni ya mchezaji mmoja unayemtaja kwa jina la akaunti yake. Kando yake kuna injini ya Stockfish, programu inayokokotoa hatua bora, inayofanya kazi ndani ya kivinjari chako. Watu wengi hufungua moja, wakasoma asilimia, wakafunga. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Anza na 4...d5 5.exd5 Nxd5. Hatua ya Mweusi inaonekana ya haki kabisa: umeliwa askari, umemrudisha. Ila 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ inamlazimisha mfalme aende e6, kwa kuwa akirudi nyuma, Bxd5 inarudisha farasi aliyetolewa na mfalme bado yuko uchi. Baada ya 8.Nc3 farasi wa d5 amebanwa, anashambuliwa na watatu, na Mweusi lazima amlinde kwa 8...Ncb4 au 8...Nce7. Hazina ya Lichess inakuonyesha haya vizuri sana. Isichokuonyesha ni kwamba Mweupe ana 6.d4, hatua isiyotoa kete yoyote kafara, ambayo injini huipa uzito mkubwa sawa na kafara au zaidi. Kwenye orodha ya hatua, 6.d4 inajificha chini ya umaarufu wa 6.Nxf7, maana orodha hupangwa kwa wingi wa michezo, si kwa ubora. Washa injini, weka mistari mitatu badala ya mmoja, na utaiona yenyewe.

Kasoro hiyo ya kupanga kwa wingi inauma zaidi kwenye 5...b5, badala ya 5...Nxd5. Askofu wa c4 anashambuliwa, na mkono wenyewe unataka kumla askari wa b5. Lakini 6.Bxb5 Qxd5 inamweka malkia mahali anapomshambulia askofu na g2 kwa pamoja. Hatua sahihi ni 6.Bf1, kumrudisha askofu nyumbani kwake! Hakuna mtu anayeibuni hiyo ubaoni bila kuwahi kuiona. Sababu yake ni nyepesi ukishaambiwa: g2 inalindwa, na malkia akija d5 anapokewa na Nc3. Kichunguzi hakikuelezi sababu, kinaweka namba tu. Ukiikariri bila sababu, siku Mweusi atakapobadilisha mpangilio utabaki mikono mitupu.

Na atabadilisha. Hapa ndipo kichunguzi kinapostahili sifa kamili. Cheza 5...Nd4 6.c3 b5 7.Bf1 Nxd5, kisha rudi ucheze 5...b5 6.Bf1 Nd4 7.c3 Nxd5. Ni nafasi ileile, na kichunguzi kinaitambua kwa nafasi iliyopo, si kwa njia uliyopitia. Hesabu ya michezo inaunganishwa. Zana inayofuata mfuatano wa hatua peke yake ingekuonyesha vijito viwili vyembamba badala ya mto mmoja.

Mstari mkuu baada ya 4...d5 5.exd5 ni 5...Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, na hapa hazina ya mabingwa ndiyo mwalimu. Tumia kichujio cha miaka. Ukiacha miaka yote pamoja, 8.Be2 inasimama na historia yake ndefu, pamoja na 8...h6 9.Nh3 ambayo gwiji wa Marekani Fischer aliicheza dhidi ya mwenzake Bisguier mwaka 1963. Ukikata miaka ya karibuni peke yake, 8.Bd3 inapanda. Kwa sura ni hatua mbaya, askofu kaziba askari wa d2, ila anamwandalia farasi e4 pa kurudi. Mweusi akijibu 8...Nd5, angalia g5: farasi alipoondoka f6 amemfungulia malkia njia, kwa hiyo Mweupe hana muda wa kupumzika, anacheza 9.Nf3 au 9.h4. Asiyechuja miaka atasoma ushauri wa babu zake akidhani ni wa leo.

Sasa sehemu chungu: 4...Bc5 badala ya 4...d5, Mweusi anaiacha f7 makusudi. Chuja wachezaji wa 1400 na 1600 kwenye michezo ya haraka, uone jinsi Mweusi anavyojipatia pointi, halafu washa injini uone anavyokemewa. Vyote viwili ni kweli. Jibu zuri la Mweupe ni 5.Bxf7+ Ke7 kisha askofu arudi salama: askari kaliwa, mfalme mweusi amepoteza haki ya kujificha kwa hatua ya pamoja na ngome (castling), na f2 haijalipuka. Anayekula kwa farasi, 5.Nxf7, anapokea 5...Bxf2+ 6.Kxf2 Nxe4+ 7.Kg1 Qh4, na mati iko f2. Baada ya 8.g3 Nxg3 9.hxg3 Qxg3+ 10.Kf1 Rf8, Mweupe ana kete mbili zaidi na injini, ikiachwa izame kina cha kutosha (itazame hatua nyingi mbele), inaelekea sare. Ile 0.00 kwenye skrini, tathmini ya usawa, haina maana kwamba pande zote zimetulia. Maana yake ni kwamba kila upande una kamba nyembamba ya kupita, na atakayekanyaga pembeni anaanguka. Hakuna safu yoyote inayopima ugumu huo, na hili ndilo pengo kubwa la zana nzima kwa mtu wa mistari mikali.

Dawa ya pengo hilo ni ya mkono. Kwa kila nafasi, zima injini ufikiri mwenyewe, iwashe tena na ubonyeze herufi x ili uone tishio la mpinzani, kisha uhesabu: ni hatua ngapi hazipotezi? Ikiwa ni moja na haina sura ya kawaida, iandike. Ikiwa ni tatu, usikariri chochote. Pia usiamini asilimia za michezo kumi na miwili, hata zikiwa nzuri kiasi gani, na usiisome tathmini ya sekunde mbili za kwanza, maana kafara huonekana upuuzi mpaka kina kiongezeke. Kwenye simu ya zamani kina hicho huja polepole na betri inakwenda, kwa hiyo kazi hii ifanyie kwenye kompyuta.

Hatua ulizochagua zihifadhi kwenye somo (study), daftari la Lichess linalobeba hadi sura 64. Sura moja kwa kila jibu la Mweusi inatosha, yaani tano kwa 4.Ng5 yote, na uiwekee kila sura hali ya kuficha hatua zinazofuata. Ile ya 6.Bf1 iwekee maelezo ya maneno.