Niliwapelekea lori taa ya breki ikiwaka, wakakata waya

Nilijipa siku kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Lori langu ni la zamani, gia boksi yake ni ile ya Hai na Lo, yaani gia za mwendo na gia za nguvu, inayobadilishwa kwa upepo wa kompresa. Lilianza visa viwili kwa mpigo. Ukilitoa Hai kwenda Lo linagoma, au linachelewa mpaka gari linataka kusimama. Na nikiwa kwenye foleni taa ya breki pale kwenye dashibodi, ile ya kuonya upepo umepungua, inawaka, nikikanyaga mafuta inazima. Nikalipeleka gereji moja kubwa Dar es Salaam, uwanja msafi, mafundi wote ovaroli. Nikamweleza fundi mkuu, nikamwambia, "Fundi, haya yameanza wiki moja, hebu anza na upepo." Hakuinua hata macho kwenye simu. Mbele ya utingo wangu akanijibu: "Mzee, kazi yako usukani. Gia boksi niachie mimi."

Nina zaidi ya miaka 20 kwenye usukani, na yule ni mdogo kwa mwanangu wa pili. Nikanyamaza. Mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma kuliko hela.

Walishusha gia boksi. Siku 9 gari halifanyi kazi, shilingi 1,800,000 zikaondoka. Gia zilikuwa zimeisha, wakasema, na taa nayo "tumeimaliza". Kweli haikuwaka tena. Nikawashukuru, nikawapa na ya soda.

Nikapakia saruji kwenda Makambako. Mikumi nikapita vizuri. Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, kabla ya kuanza mlima Kitonga, ule wa kona kali, nikajaribu kuweka Lo. Likagoma vilevile. Nikatupa jicho kwenye geji ya upepo, mshale umelala chini ya 4. Taa giza. King'ora kimya.

Kando ya barabara kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima. Akaniambia, "Zima injini, ndugu yangu, tusikilize." Tukasikia chini ya chesisi: sssss. Akakoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, akamwagia, mapovu yakachemka kwenye paipu ya upepo inayokwenda gia boksi. Ilikuwa inasuguliwa na propela shafti mpaka imetoboka. Basi ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Kompresa ni ileile inayojaza breki na kusukuma Hai na Lo. Paipu ikivuja, gia inakosa nguvu na matangi nayo yanashuka. Injini ikipanda mzunguko kompresa inafidia, ndiyo maana taa ilikuwa inazima nikikanyaga mafuta. Akakata pale palipotoboka, akaunga. Nusu saa, shilingi 25,000.

Kisha akafungua dashibodi. Waya wa taa, ambao king'ora nacho kinautegemea, ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, vizuri kabisa.

Mikono ilinitetemeka. Anayeijua Kitonga anaelewa. Upepo ukiisha, breki za nyuma zinajifunga zenyewe. Uko katikati ya kona na mzigo wa saruji, na nyuma yako limekuja basi limejaa watu.

Nisiwaonee. Gia sasa zinaingia laini kuliko zilivyokuwa nilipolinunua, kazi ya gia boksi wanaijua. Mwenye tatizo la gia peke yake labda aende, ila awe na...

Hapana, hilo nalifuta. Hata gia zenyewe sijui kama zilikuwa mbovu, maana hawakunionyesha hata moja ya zamani. Nilipopiga simu, yuleyule fundi mkuu akaniambia: "Si ulitaka taa isiwake?" Msiende. Hata kubadilisha oili msiende.

Taa nimeirudisha kwa waya mpya. Kila alfajiri nawasha injini, naiona inawaka, nakaa na utingo wangu tunangoja upepo ujae mpaka izime yenyewe. Ndipo tunaondoka.